Majukwaa ya Gueux: Mali ya Kijiji Isiyo na Mfalme

Mwenye kutoka mji wa Reims, upande wa kaskazini-mashariki ya Ufaransa, akishika barabara iendayo magharibi, baada ya kilomita chache hujikuta katikati ya mashamba ya ngano. Vijiji ni vidogo na vya utulivu, na vilimani huonekana mizabibu ambayo divai yake imelijulisha jimbo la Champagne duniani kote. Barabara yenyewe haina ajabu: malori hupita, matrekta hupita, watu huenda kazini na kurudi. Kisha, karibu na kijiji cha Gueux, msafiri aona ghafula kandokando ya njia majukwaa makubwa ya sementi, ngazi juu ya ngazi, yenye nafasi ya watu wengi mno. Ng'ambo ya pili ya barabara aona mstari wa vibanda vyeupe vyenye maandishi makubwa ya rangi. Hakuna mji pale. Hakuna kiwanja cha mpira. Msafiri hujiuliza: Watu wote hao walikuwa wakikaa hapa kutazama nini?

Walikuwa wakiitazama barabara hii hii anayopita yeye.

Wapenzi wasomaji, leo twataka kuwasimulia habari za barabara hiyo na majukwaa yake. Ni habari ya mashindano ya motokaa, na vijana wetu bila shaka wataifurahia kwa ajili hiyo. Lakini wazazi nao wasigeuze ukurasa. Ndani yake mna swali linalohusu kila jamaa na kila mtaa: ni nani atakayetunza vitu vya watu wa kawaida, vitu ambavyo hakuna mfalme wala jemadari aliyeviachia jina lake?

NJIA YA MKULIMA, NJIA YA MASHINDANO

Mwaka 1926 chama cha wenye motokaa cha jimbo lile kilianza kufanya mashindano katika njia tatu za serikali zilizokutana kama pembetatu, karibu na vijiji vya Gueux, Muizon na Thillois. Hawakujenga uwanja mpya. Walichukua njia zilizokuwapo, wakazifunga kwa siku za mashindano, wakaweka marobota ya majani makavu penye hatari, na mashindano yalipokwisha wakazirudisha kwa wenyeji. Mzunguko mmoja ulikuwa na urefu wa karibu kilomita 8. Katika miaka ile ya kwanza motokaa zilipita hata ndani ya kijiji cha Gueux, kati ya kuta za nyumba za watu. Ni mwaka 1952 ndipo kipande kipya cha njia kilipoanza kutumika ili kukiepuka kijiji.

Upande mmoja wa pembetatu hiyo ulikuwa barabara kuu itokayo Soissons kwenda Reims, nayo imenyoka karibu kama uzi. Pale madereva walikanyaga mafuta mpaka mwisho, na motokaa zikapita mwendo wa kilomita 250 kwa saa. Mwisho wa unyoofu huo ilikuwapo kona kali ya Thillois, na hapo dereva alilazimika kupunguza mwendo ghafula, akageuka, kisha akapiga mbio tena kuelekea majukwaa.

Umbo hilo la njia ndilo lililoyapa mashindano ya Reims tabia yake. Motokaa iendayo kwa kasi kubwa huipasua hewa kama mtumbwi upasuavyo maji. Inayofuata nyuma yake kwa karibu hupata hewa iliyokwisha kupasuliwa, nayo huenda kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo katika barabara ndefu na nyoofu, hata dereva mwenye mashine hafifu kidogo aliweza kushikamana na mwenziwe, akangoja, kisha akachomoka na kumpita kabla ya kona. Aliyetangulia hakuwa na raha, na aliyefuata hakukata tamaa.

SIKU ZILIZOBAKI KATIKA MASIMULIZI

Ushuhuda mkubwa wa jambo hilo ni mashindano ya tarehe 5 Julai 1953. Mike Hawthorn, kijana Mwingereza wa miaka 24, alikuwa katika Ferrari. Juan Manuel Fangio wa Argentina, aliyekuwa amekwisha kupata ubingwa wa dunia, alikuwa katika Maserati. Wawili hawa walifuatana na kupitana mzunguko baada ya mzunguko, nyakati nyingine wakiwa sambamba, kila mmoja akiona uso wa mwenziwe. Baada ya kilomita 500 Hawthorn alitangulia kwa sekunde 1 tu, na motokaa 4 za kwanza zilifika zote katika muda usiotimia sekunde 5. Hawthorn alikuwa Mwingereza wa kwanza kushinda katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa Fomula 1.

Mwaka 1959 joto la Julai lilikuwa kali hata lami ikayeyuka, na magurudumu yakawarushia madereva vijiwe usoni. Mwaka 1961 Mwitalia Giancarlo Baghetti, aliyekuwa hajapata kushiriki hata mara moja katika mashindano ya ubingwa wa dunia, aliwaona wenziwe wakubwa wa Ferrari wakiharibikiwa mmoja baada ya mwingine, akabaki peke yake kushindana na Mmarekani Dan Gurney, akampita karibu na mstari wa mwisho. Mwaka 1966 Mwitalia mwingine, Lorenzo Bandini, alikuwa akitangulia watu wote mara waya wa kuongezea mafuta ulipokatika. Alishuka, akachukua uzi uliofungia robota la majani kando ya njia, akautia mahali pa waya, akarudi polepole akiivuta mashine yake kama mbuzi kwa kamba. Ushindi ukamwendea Jack Brabham wa Australia, naye akawa mtu wa kwanza kushinda mashindano ya ubingwa wa dunia katika motokaa yenye jina lake mwenyewe.

Na hapa wasomaji wetu wa Kongo watapenda kusikia jambo linalotugusa. Mbelgiji Olivier Gendebien, baada ya vita vya 1939-1945, alikaa miaka ipatayo 4 katika Kongo akifanya kazi ya misitu. Stanleyville, mji tunaouita leo Kisangani, alikutana na Charles Fraikin, dereva wa mashindano ya safari ndefu aliyekuwa akitafuta mwenzi wa kuketi naye garini. Urafiki huo ndio uliomtia Gendebien katika mashindano aliporudi Ulaya. Mwaka 1957, na tena mwaka 1958, yeye na Mbelgiji mwenziwe Paul Frère walishinda mashindano ya Reims ya saa 12. Basi mtu aliyezizoea njia za matope za msitu wetu alipita mbele ya majukwaa ya Gueux akishangiliwa kama mshindi.

UPANDE WA MACHOZI

Tungekuwa waongo kama tungesimulia shangwe peke yake. Mojawapo ya kona za kasi za njia ile huitwa Calvaire, maana yake Kalvario, kama yanavyoitwa mahali pengi katika Ufaransa penye msalaba kando ya njia. Kona nyingine yaitwa kwa jina la Annie Bousquet, mwanamke dereva aliyekufa pale mwaka 1956. Mwaka 1957 madereva wawili, Herbert MacKay-Fraser na Bill Whitehouse, walikufa siku moja. Mwaka 1958 Luigi Musso wa Italia alikuwa akimfukuzia Hawthorn aliyetangulia. Katika kona ya kasi karibu na Gueux motokaa yake ikatoka njiani, naye akafa kwa majeraha yake. Siku hiyo hiyo Fangio, aliyekuwa amepata ubingwa wa dunia mara 5, alimaliza wa nne, kisha akaacha mashindano ya Grand Prix kwa maisha yake yote.

Hatari haikuwa ya madereva tu. Mwezi wa Juni 1955, katika mashindano ya Le Mans, motokaa moja iliruka na kuwaangukia watazamaji, wakafa zaidi ya 80. Grand Prix ya Ufaransa ya mwaka ule ikafutwa. Tangu hapo watu wengi wakaanza kuuliza kwa haki: Je, yafaa motokaa za namna hii kukimbia katika njia za vijiji, kati ya miti na mitaro, watu wakisimama karibu hata wangeweza kuzigusa?

Jibu likaja polepole. Viwanja vipya vikajengwa mbali na makao ya watu, vyenye nyua na nafasi kubwa za usalama. Mwaka 1966 Grand Prix ya Ufaransa ilifanyika Gueux kwa mara ya mwisho. Mashindano ya motokaa yalikoma mwaka 1969, na ya pikipiki mwaka 1972. Gharama za kuyatimiza masharti mapya zilikuwa zimewashinda wenyeji. Marobota yakaondolewa, milango ikafungwa, na barabara ikawa tena barabara.

KUMBUKUMBU TATU ZA MJI MMOJA

Ili tuelewe yaliyoyapata majukwaa baada ya hapo, turudi kidogo mjini Reims. Mji huo ni hodari wa kutunza. Kanisa lake kuu, mahali walipovikwa taji wafalme wengi wa Ufaransa, lilipigwa mizinga na kuungua mwezi wa Septemba 1914. Watu hawakusema, "Limekwisha." Mjenzi Henri Deneux alilitengenezea paa jipya, na mahali pa mbao zilizoungua aliweka vipande vidogo vya sementi yenye chuma, vilivyounganishwa kama miti ya dari. Fedha zilitoka pande nyingi, hata Marekani kwa tajiri Rockefeller. Mwaka 1938 kanisa likafunguliwa tena. Mwaka huo huo Grand Prix ya Ufaransa ilifanyika Gueux.

Tena kuna chumba kimoja cha shule mjini humo. Tarehe 7 Mei 1945 jemadari wa Ujerumani aliweka sahihi humo ya kusalimu amri mbele ya majeshi ya washirika. Ramani za vita zilizokuwa zimebandikwa ukutani zimeachwa pale pale mpaka leo, na wageni huingia kuzitazama.

Kwa hiyo kanisa la wafalme lilipata wajenzi, na chumba cha majemadari kilipata walinzi. Majukwaa ya Gueux yalikuwa na nini? Hakuna mfalme aliyevikwa taji pale, wala vita havikumalizika pale. Waliokaa juu ya ngazi zile walikuwa waashi, wakulima wa mizabibu, makarani, wake kwa waume pamoja na watoto wao, wamebeba mkate na chupa katika vikapu. Kumbukumbu yao haikuandikwa katika vitabu vya shule. Ilikaa katika sementi ile, na sementi ikaanza kupasuka.

UFA NA UKUTA

Wazee wetu walisema: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye kujua kazi ya ujenzi ataona jinsi methali hii ilivyo kweli juu ya sementi yenye chuma. Mvua huingia katika ufa mwembamba kama unywele. Maji huufikia mti wa chuma uliomo ndani, nao hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kizima, kwa hiyo huisukuma sementi kwa ndani mpaka kipande kianguke. Kipande kikianguka, maji huingia zaidi. Katika nchi ya baridi kuna adui wa pili: maji yaliyo ndani ya ufa huganda usiku, hutanuka, na kuupanua ufa ule. Hivyo jengo lisilo na mtu wa kulitazama hujivunja lenyewe, bila nyundo.

Ndiyo yaliyotokea Gueux kwa miaka mingi. Miti ikaota mahali walipokaa watu. Rangi ikabanduka. Vipande vingine vya njia ya zamani vikaharibiwa au vikabadilishwa kwa haja za wasafiri wa leo. Wala hakuna aliyeweza kusema ni siku gani mahali pale palipokufa, kwa maana palikufa kidogo kidogo, kama isemwavyo: Chovya chovya humaliza buyu la asali.

MARAFIKI WENYE NDOO ZA RANGI

Mwaka 2004 watu walioupenda uwanja ule waliunda chama, wakakiita kwa Kifaransa Les Amis du Circuit de Gueux, yaani Marafiki wa Uwanja wa Gueux. Tafadhali angalieni neno walilochagua. Hawakujiita wenye uwanja, wala mabwana wake. Walijiita marafiki.

Na rafiki hujulikana kwa kazi. Walianza na kazi isiyo na sifa: kukata vichaka, kung'oa mizizi, kuzoa takataka. Kisha wakaja na ufagio wa chuma, sementi na ndoo za rangi. Wakaziba nyufa. Wakapaka upya kuta za vibanda ambamo mafundi walingojea motokaa zao. Wakachora tena matangazo makubwa ya zamani ya mafuta na matairi, yale ambayo watazamaji waliyaona mbele yao mchana kutwa. Wenye kufanya haya hawalipwi mshahara. Hutoa siku zao za mapumziko na nguvu za mikono yao.

Hawakutaka kuyarudisha mashindano. Walijua kuwa wakati ule umekwisha, na kwamba ulikwisha kwa sababu za haki. Walitaka mahali paonekane, ili baba aweze kusimamisha gari, amshushe mtoto wake na kumwambia, "Hapa ndipo babu yako alipokaa." Bila majukwaa, maneno hayo hayana mahali pa kusimama: mtoto ataona shamba la ngano tu, naye atasahau kabla hawajafika nyumbani.

MASWALI YANAYOSTAHILI JIBU

Msomaji mwenye busara anaweza kutupinga hapa. Tena ni vema atupinge, kwa sababu maswali yake ni ya kweli.

La kwanza: Je, ni haki kutunza mahali palipoua watu? Twajibu kwamba kusahau hakumfufui mtu. Jina la Annie Bousquet lililopewa kona lasema wazi kwamba kulikuwa na gharama, na kwamba mwenye kuilipa alikuwa binadamu mwenye jina. Mahali palipobomolewa hubaki hadithi za ushindi peke yake, kwa sababu watu hupenda kusimulia ushindi. Mahali palipotunzwa kwa uaminifu husimulia yote mawili. Mwenye kutunza asifute upande wa machozi. Akiufuta, ametunza sementi na kuitupa kweli.

La pili: Je, jasho hilo lisingefaa zaidi kwa wagonjwa na maskini? Swali hili ni zito, wala hatutalidharau. Kama mtu angeichukua fedha ya dawa akanunua rangi ya jukwaa, tungemkemea. Lakini mtu hafanywi na chakula na dawa tu. Jamaa isiyojua wazazi wake walipofurahi, walipolia na walipofanya kazi, ina umaskini wa namna nyingine, nao hauonekani hospitalini. Tena mikono iliyozoea kufanya kazi pamoja bila malipo Jumamosi moja haisahau njia ya kufanya hivyo Jumamosi nyingine kwa jirani mwenye shida.

La tatu: Je, mahali hapo hapatawashawishi vijana kwenda kasi? Hatari hiyo ipo. Barabara ya Gueux ni ya watu wote, na sheria ya mwendo ni ile ile mbele ya majukwaa kama penginepo. Motokaa za zamani hurudi pale kutazamwa na kutembezwa. Mwenye kuja akidhani anaweza kumwiga Fangio kati ya malori na baiskeli hakuelewa kitu. Afadhali mtoto afundishwe pale pale, mbele ya jukwaa tupu, kwa nini mashindano yalikatazwa katika njia za watu.

NJIA NYINGINE ZA KUTUNZA

Watu wa Gueux si wa pekee katika jambo hili, na mahali pengine wenzao wamefuata njia nyingine, kila mmoja kwa kadiri ya mahali pake.

Katika Uingereza, karibu na mji wa Weybridge, kiwanja cha Brooklands kilifunguliwa mwaka 1907. Ndicho cha kwanza duniani kujengwa makusudi kwa mashindano ya motokaa, na kona zake za sementi ziliinuka kama ubavu wa kilima. Vita vya 1939 vilikifunga, kiwanda cha ndege kikakitwaa, na kuta zake zikatobolewa ili kupata njia. Mwaka 1967 wapenzi wake waliunda chama cha kukitetea, na mwaka 1991 makumbusho yakafunguliwa rasmi juu ya sehemu iliyosalia. Hesabuni wenyewe: miaka 24 kati ya neno la kwanza na mlango kufunguliwa. Kazi ya kutunza haipendi watu wa haraka.

Katika Marekani, katika mji mdogo wa Hillsborough, jimbo la North Carolina, kiwanja cha udongo cha Occoneechee kilianza mwaka 1948. Viongozi wa dini wa pale walipinga mashindano ya siku ya Jumapili, na mwaka 1968 kiwanja kikafungwa. Misonobari ikaota ndani yake. Mwaka 2002 kiliandikwa katika orodha ya taifa ya mahali pa historia. Huko hawakuikata miti yote wala kupaka rangi mpya. Waliiacha iwe msitu, nao wakaifanya njia ya zamani kuwa njia ya kutembea kwa miguu. Leo mtu hupita kivulini mahali palipojaa vumbi na ngurumo, akikutana na ngazi za sementi kati ya mashina. Hata waliochukizwa zamani na kelele za Jumapili wangeweza kutembea pale kwa amani.

Makumbusho, msitu, ndoo za rangi: njia ni tatu, na kila moja ilianza na watu wachache walioona aibu kupita pale kila siku na kunyamaza.

NASI JE?

Pengine msomaji atasema, "Mimi sina kiwanja cha motokaa." Ni kweli. Lakini kila mtaa una jukwaa lake la Gueux. Kwa wengine ni kiwanja cha mpira ambapo baba zao walicheza bila viatu, nacho sasa hukatwa vipande na wenye kujenga. Kwa wengine ni kituo cha gari la moshi kisichopitiwa tena na treni, au gati ya zamani ambapo meli zilishusha abiria, au darasa la kwanza la shule, lile la matofali mabichi, ambalo wengi wetu tulijifunzia kusoma. Hakuna waziri atakayekuja kuzindua ulinzi wa vitu hivyo. Wenyewe ni sisi.

Basi, bila kungoja fedha, kuna mambo matatu ambayo jamaa yoyote yaweza kuyaanza Jumapili hii alasiri.

Kwanza, toeni picha za zamani kutoka sandukuni, mkaandike nyuma ya kila moja majina ya watu, mahali na mwaka, maadamu yupo bado mzee wa kuwatambua. Picha isiyo na majina, baada ya miaka 30, ni picha ya wageni.

Pili, mpelekeni mzee huyo mahali penyewe, pamoja na watoto. Msimwulize nyumbani kitini pake tu. Akisimama pale, miguu yake itamkumbusha mambo ambayo kichwa kilikwisha kuyaweka kando: goli lilikuwa upande gani, mwembe ulisimama wapi, ni nani aliyeanguka, ni nani aliyeshinda. Na kijana mwenye mwandiko mzuri awe na daftari mkononi. Mali bila daftari huisha bila habari.

Tatu, zibeni ufa mmoja. Mmoja tu. Kateni majani ya njia, simamisheni tena jiwe lililoanguka, pakeni chokaa ukuta mmoja. Jirani atapita na kuuliza mnafanya nini. Mwambieni, na mwachieni brashi iliyo karibu naye. Bila shaka hata Gueux mambo yalianza hivyo: mtu mmoja alikuwa akikata kichaka, mwingine akasimamisha gari lake barabarani, akashuka.